Kuchagua linta ya chuma unapofungua fremu kwenye ukuta wa tofali za saruji

Temeke, Mbagala, Tabata, kila mtaa wa Dar es Salaam kuna mwenye nyumba anayegeuza chumba cha mbele kuwa fremu ya duka. Ukuta umeshasimama, na kumwaga linta ya zege (boriti inayokaa juu ya uwazi wa mlango) chini yake ni taabu kwa sababu haijai vizuri hadi juu. Chuma kinafaa. Ila wengi hukichagua kwa upana wa mlango tu, wakati kinachotakiwa kuamua ni mzigo ulioko juu.

Hatua ya 1: Angalia juu. Hesabu kozi (safu) za tofali kutoka juu ya uwazi hadi ubao unaobeba kenchi. Ukikuta slabu ya ghorofa au tenki la maji, acha, mwite mhandisi. Na kama mkanda wa zege (boriti inayozunguka juu ya kuta) unapita hapo, usiukate. Chuma kikae chini yake.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya mzigo. Uwazi wa mita 1.8, ukiongeza ncha zinazolala ukutani, uhesabu kama mita 2. Ukuta wa tofali za inchi 6 uliopigwa plasta pande zote una uzito wa kama kilo 360 kwa mita ya mraba.

Utasikia kwamba linta hubeba pembetatu tu ya ukuta, maana tofali za juu hujishikilia zenyewe. Ni kweli, na hapa pembetatu hiyo ingekuwa na kimo cha mita 1, yaani kilo 360 basi. Lakini ni lazima ukuta uinuke kupita ncha ya pembetatu, na pembeni pawe na ukuta wa kutosha kuhimili msukumo. Sasa tazama nyumba zetu za kawaida: juu ya mlango kuna kozi tatu hivi, sentimita 75, kisha kenchi. Pembetatu haipo! Hesabu ukuta wote, kilo 270 kwa mita, na paa juu yake. Tuseme paa linaleta kilo 250 kwa mita. Jumla kwa mita 2 ni zaidi ya tani 1.

Hatua ya 3: Chagua chuma. Engo (vyuma vya umbo la L) mbili za milimita 75 kwa 75, unene milimita 6, zikiwekwa mgongo kwa mgongo, zinatimiza upana wa ukuta wa milimita 150. Kwa ile pembetatu zingetosha. Kwa tani 1 hazivunjiki, lakini zinabonyea karibu milimita 6, na kipimo kinachotumika sana ni urefu ugawe kwa 600, yaani milimita 3.3. Ukizidisha hapo plasta inapasuka. Chukua engo mbili za 100 kwa 75, unene milimita 8, upande wa 100 ukisimama: zitabonyea kama milimita 2. Dukani nenda na kalipa upime unene mwenyewe, usiamini maandishi ya chaki.

Hatua ya 4: Kutu. Kigamboni, Mbezi Beach, popote upepo wa bahari unapofika, chukua chuma kilichochovywa zinki. Kila ulipochomelea au kukata, zinki imeondoka, kwa hiyo paka rangi ya zinki hapo. Kutu huvimba na kusukuma plasta nje. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuguse kabisa kwa mota.

Hatua ya 5: Weka. Simamisha mirunda pande zote mbili, ukipitisha mbao ngumu ukutani, kabla ya kutoa tofali hata moja. Toa kozi moja, ingiza chuma, ncha zilale sentimita 15 hadi 20 kila upande juu ya tofali nzima. Zenye matundu zijazwe zege. Nafasi ya juu ya chuma shindilia mota kavukavu, saruji 1 kwa mchanga 3, hadi igome. Subiri wiki.

Toa mirunda mmoja mmoja, huku umefunga uzi chini ya chuma. Ukiona katikati pameshuka zaidi ya milimita 3, rudisha mirunda siku hiyo hiyo.