Jinsi ya kujipimia mafanikio yako mwenyewe na kupata kazi yenye maana, bila kudanganyana kuhusu pesa

Tuelewane mapema, pesa ni muhimu. Mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, na ana mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, unaokatwa kila wiki, hawezi kutulia akawaza maana ya maisha, na anayemwambia pesa sio kitu anamkosea heshima. Kwahiyo sikwambii uache kutafuta hela. Nakwambia ujue unatafuta kiasi gani na cha kazi gani, halafu uandike na vile vitu vingine unavyovitaka maana hivo ndo huwa hatuviandiki popote, tunabaki kujipima na gari la jirani na status za watu tuliosoma nao.

Anza na kiasi chako cha kutosha

Ukimuuliza mtu unataka nini atasema nataka hela, ukimuuliza shilingi ngapi anacheka. Sasa hapo hata ukizipata utajuaje kama umefika? Chukua daftari, andika mwezi mmoja wa kawaida bila kujipendelea. Tuseme unaishi Mbagala na una mtoto mmoja: kodi 100,000, chakula 240,000, nauli 60,000, umeme wa LUKU na maji 30,000, vocha na bando 30,000, ya kumtumia mama 50,000, shule ya mtoto 60,000, michango ya harusi na misiba 30,000, akiba ya dharura 50,000. Jumla 650,000. Na kama mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, andika pembeni kwamba kuna siku utatakiwa kuwa na 600,000 mkononi kwa wakati mmoja, maana hiyo ndo inayowavunja watu wengi, sio matumizi ya kila siku.

Ile ya mama na ile ya michango usizifute ili hesabu ipendeze. Kwetu kuweza kumtumia mzazi bila kukopa ni mafanikio kabisa, iweke juu kwenye orodha.

Hiyo 650,000 ndo mstari wako wa chini, chini ya hapo kazi hata iwe tamu vipi itakutesa. Juu ya hapo, kila unachoongeza kiandikie sababu: kiwanja, bima ya afya ya wazazi, mtaji. Ukifika kwenye kiasi ambacho huna sababu yake zaidi ya kutaka watu waone, ujue umeanza kumfanyia kazi mtu mwingine, na yeye hata hajui.

Halafu andika mafanikio bila kutaja pesa wala cheo

Hapa ndo pagumu, usipaharakishe. Swali linalosaidia kuliko yote kwa maoni yangu ni hili: Jumanne yako ya kawaida unataka iweje? Sio siku ya harusi, sio siku ya kuhamia nyumba mpya, Jumanne tu. Unaamka saa ngapi, unakula na nani, ukirudi watoto wako macho au wameshalala. Kuna mtu anaishi Chanika anafanya kazi Masaki, anatoka saa kumi alfajiri anarudi saa tatu usiku, mtoto anamwona vizuri Jumapili tu. Sheria ya kazi ya Tanzania inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki lakini foleni na kusubiri gari haviko kwenye hizo 45, ni zako. Akipata kazi ya mshahara pungufu kidogo karibu na kwake, watu watasema ameshuka. Yeye akifungua daftari lake anaweza kuona amepanda.

Swali la pili, nani maisha yake yamekuwa nafuu kwasababu ya kazi yako? Mfikirie mchoraji Edward Tingatinga. Alitoka Tunduru akaja Dar, akafanya vibarua na kazi za ndani na za bustani, mwisho wa miaka ya 1960 akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya mbao za dari kwa rangi za baiskeli. Alifariki 1972, yani alichora kwa miaka michache mno. Lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na vijana waliokuwa wanamzunguka, wakaendelea, na 1990 chama cha ushirika cha wachoraji kikaanzishwa kwa jina lake. Mpaka leo kuna familia Dar es Salaam zinakula kwa mtindo ule. Utampimaje mtu huyo kwa kuangalia alikuwa na shilingi ngapi siku anakufa? Kwahiyo kwenye daftari andika na hili: nimemfundisha nani, na nani anaweza kuendelea nisipokuwepo.

La tatu fupi, andika vitu ambavyo hutavifanya kwa hela yoyote. Kumdanganya mteja, kuwatisha wadaiwa, chochote kile. Kiandike leo ukiwa na akili tulivu, usisubiri siku umeahidiwa hela.

Kazi yenye maana unaitafutaje

Watu wanakaa miaka wakijiuliza kipaji changu ni nini, wanasubiri jibu lije lenyewe. Mi nashauri uanzie nje. Watu huwa wanakuja kwako kuomba msaada wa nini? Kuna mtu kila mwenye simu mbovu mtaani anaenda kwake, kuna mwingine kila ukitokea msiba yeye ndo anapewa daftari la michango maana wanajua hela haitapotea. Huyo wa pili anaweza asijue kwamba ana kitu kikubwa, uaminifu na mpangilio, ila kikoba kinachotafuta mweka hazina kinajua. Waulize watu watatu wanaokufahamu vizuri, mmoja awe mtu mzima wa familia, mmoja mliyewahi kufanya naye kazi. Waulize hivi, mimi ukinikosa ungepata shida kwenye nini? Usibishane na jibu, andika.

Na kabla hujaacha kazi uliyonayo, jaribu kwanza kuigeuza. Mwaka 2001 watafiti wawili wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika kuhusu wafanya usafi wa hospitali. Kazi moja, ufagio mmoja, lakini wengine waliiona ni kufuta sakafu tu basi, na wengine walijiona ni sehemu ya kumponya mgonjwa, wanaongea naye, wanawasaidia wageni wake, na hawa wa pili ndo walioifurahia. Nilivyosoma nikamkumbuka dada mmoja anayeuza kwenye duka la dawa muhimu. Wazee wengi hawaelewi ile 1x3 inayoandikwa kwenye bahasha ya dawa, na wengine macho hayaoni vizuri. Yeye anachukua kalamu nene anachora, jua linachomoza, jua la utosini, mwezi, na pembeni ya kila picha vidonge vyenyewe, viwili viwili au kimoja, halafu anamwambia bibi arudie, "haya bibi, mwezi ukitoka unameza vingapi?" Mshahara wake haujaongezeka kwa hiyo michoro na sisemi kwamba inatosha, ila kuna watu wanatoka na dawa walizonunua kwingine wanakuja awachoree. Jiulize kwenye kazi yako hiyo michoro ni nini.

Ukiona kweli haigeuziki, basi jaribu hiyo nyingine kwa udogo kabla ya kuruka. Unataka ufugaji wa kuku, nenda kakae banda la mtu wiki moja, tena msimu wa mdondo, ule ugonjwa unaoua kuku, sio siku anauza. Unataka ushonaji, kaa na fundi, muulize sio faida tu, muulize siku mbaya kuliko zote ikoje na mteja msumbufu anafananaje. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana kozi fupi, na kama ufundi umeujulia mtaani kuna utaratibu wao wa urasimishaji ujuzi, unapimwa unapewa cheti bila kuanza moja. Kama ni usindikaji, sabuni, mafuta ya alizeti, pita SIDO, shirika la viwanda vidogo, la mkoa wako uulize. Kitu cha kuangalia kwenye majaribio ni kama unaweza kuvumilia sehemu yake ya kuchosha, maana sehemu tamu kila mtu anaiweza.

Kuhusu wazazi

Hili linawakwamisha wengi na kwa haki, mzee aliuza ng'ombe ukasoma. Usimpigie simu kumpa taarifa, nenda. Kama baba yako ni mkali anza na shangazi au mjomba anayemsikiliza, akupeleke. Na usizungumzie ndoto, zungumzia chakula: "Shikamoo baba. Sijaja kusema naacha kazi, nimekuja kukuonyesha nilivyopanga kula na nitakavyoendelea kuwatumia." Umfungulie lile daftari. Mzazi anaogopa utarudi nyumbani na begi, ukimjibu hiyo hofu mengine mtazungumza.

Usinyonywe kwa jina la wito

Kuna waajiri wanajua unaipenda kazi ndo maana wanakulipa vibaya. Mwalimu wa shule binafsi, nesi, kijana anayejitolea kwenye shirika, anaambiwa kazi yetu ni ya wito huku mshahara wa miezi mitatu haujatoka. Naumia sana na hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwalimu na nesi haki zilezile za mfanyakazi wa kiwandani: maelezo ya kazi yako kwa maandishi, likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Kujitolea nako kuwe na tarehe ya mwisho, iandikwe mapema na wote mkubaliane.

Ukiamua kuondoka

Subiri mpaka uwe na akiba ya miezi mitatu ya ule mstari wa chini, kwa mfano wetu ni 1,950,000, na wateja ambao sio ndugu wala marafiki wameshakulipa zaidi ya mara moja. Ndugu ananunua kwa upendo, mgeni ananunua kwasababu kitu kinafaa. Kama unalipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, iandike kwenye karatasi, baki na nakala yenye muhuri wa ofisi, hakikisha michango yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ilikuwa inapelekwa kweli, na usitoke bila cheti cha utumishi maana ni haki yako na unaweza kukihitaji baadaye.