Dawa za kila siku na mvua za masika

Wenzangu wa Mwanza, hasa tunaokaa ng'ambo ya Mto Mirongo, msingoje kidonge cha mwisho cha presha ndipo mshuke mjini. Mto ukifurika, duka la dawa linaweza kuwa na mzigo wote juu ya chaga, mkavu kabisa, ila wewe hufiki. Mimi nikibakiza vya wiki mbili tu, naenda. Cheti cha daktari kipige picha. Karatasi ikilowa, wino wote unakimbia.

Na insulini, ile dawa ya sindano ya kisukari, je? Umeme ukikatika, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, uiweke ndani ya chungu cha udongo chenye maji, kivulini penye upepo. Usiilaze kwenye barafu ya samaki. Ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka ukaiona safi.