Somo: Gadi wako hafungi? Mkono uache kwanza, mtazame miguu

Habari zenu wanakikapu. Wiki mbili sasa naulizwa jambo lile lile kwa sura tofauti: kijana anadunda vizuri, ana kasi, pasi anaziona kabla ya wenzake, lakini akirusha mpira ringi inamkataa. Niliahidi somo, hili hapa. Ni refu, mwenye bando dogo alihifadhi asome taratibu.

Nianze na kosa langu. Nina kijana wa kidato cha pili, anatokea mtaa wa Chikongola, ananichezea pointi gadi, yaani yule anayeuleta mpira mbele na kuwapangia wenzake, kwenye uwanja wetu wa sementi hapa Mtwara mjini. Alipokuja kwangu, kiwiko chake cha kulia kilikuwa kinatoka nje kama mlango uliolegea bawaba. Nikafanya wanachofanya makocha wengi: nikamshika kiwiko. Miezi miwili mizima, "ingiza kiwiko, ingiza kiwiko". Alikuja na shuti mbaya. Nilipomaliza naye alikuwa na shuti mbaya pamoja na woga. Akawa anafika peke yake mbele ya ringi, mlinzi hayupo, na bado anatoa pasi. Hapo ndipo nilipokaa chini kujiuliza upya.

Hatua ya kwanza: pima uwanja kabla ya kumpima mtoto

Chukua futi ya fundi ujenzi. Kutoka chini hadi ukingo wa juu wa ringi iwe mita 3.05. Kisha teremsha timazi kutoka usoni mwa ubao, upime mita 4.6 kuelekea katikati ya uwanja: hapo ndipo mstari wa mitupo huru, ile inayotolewa baada ya faulo, unapotakiwa kuwa. Sisi tulikuta ringi ya upande wa baharini imeliwa na chumvi na kuinama mbele. Watoto walikuwa wanajifunza kufunga kwenye ringi ambayo haipo popote pengine duniani.

Mpira nao. Uachie kutoka urefu wa mita 1.80, ukidunda, sehemu yake ya juu ifike kati ya mita 1.20 na 1.40. Mpira uliojazwa upepo kupita kiasi unaruka ringini hata ukirushwa vizuri, na mtoto anaamini kosa ni lake.

Hatua ya pili: siku tatu, mdomo umefungwa

Hii ilinishinda mimi, kwa hiyo najua itawashinda na nyinyi. Kaa pembeni na daftari. Kila akikosa, andika neno moja: mfupi, mrefu, kushoto, kulia. Usiseme chochote.

Siku ya tatu daftari litakueleza. Akikosa mifupi mingi, tatizo liko miguuni au amechoka. Mrushaji wa mkono wa kulia akikosa kulia mara kwa mara, angalia kidole gumba cha mkono wa kushoto. Mkono ule kazi yake ni kuushikilia mpira tu, lakini gumba hupenda kusukuma mwishoni. Akikosa huku na huku bila mpangilio, basi kila mtupo anaurusha kivyake, na hapo hakuna cha kurekebisha mkononi mpaka umpate anasimama namna moja.

Mrekodi kwa simu pia, ukiwa ubavuni mwake. Na rekodi iwe ya mwili mzima. Video nyingi ninazotumiwa zinaanzia kiunoni kwenda juu, na mimi nauliza kila siku: miguu iko wapi?

Hatua ya tatu: miguu

Hapa tutakaa.

Kijana wangu nilipomtazama kwenye video niliona kitu ambacho miezi miwili sikukiona. Akitoka kudunda kwa kasi, mguu wa kushoto ulikuwa unatua mbele, wa kulia unabaki nyuma, kiuno kimegeukia pembeni. Sasa mwili ukiangalia kona na ringi iko mbele, mkono ufanyeje? Lazima utoke nje kuutafuta ubao. Kiwiko kilikuwa shahidi tu, mwizi alikuwa mguu. Na mimi nilikuwa nimemfunga shahidi.

Watoto wetu wengi wamekulia chandimu, soka ya mtaani. Kwenye chandimu unaufikia mpira ukiwa bado unakimbia na unaupiga hivyo hivyo. Kikapu kinadai kitu cha kuudhi: ukimbie sana, halafu usimame ghafla, halafu upande juu moja kwa moja. Kusimama ndiko kugumu.

Kwa hiyo tulianza bila mpira. Chora mstari kwa mkaa. Mtoto anatoka katikati ya uwanja mbio, anafika mstarini, anasimama kwa miguu miwili kwa pamoja, au kushoto-kulia haraka haraka, magoti yamekunjwa, nyayo zimeachana upana wa mabega, mguu wa upande wa mkono wa kurushia mbele kidogo. Asogee hata kidogo, anarudia. Mara 20 kwa siku, wiki nzima. Walilalamika sana, nikawaacha walalamike.

Baada ya hapo anapokea pasi akiwa anatua. Jambo moja tu ndilo nililolisema: magoti yakinyooka, mpira nao uwe unapanda. Nguvu ya shuti inatoka chini. Ukiupandisha mpira juu ya kichwa, ukautuliza pale, ndipo uruke, nguvu ya magoti imeshakufa na mkono unabaki kusukuma peke yake. Gadi mwembamba wa miaka 14 hana mkono wa kufanya kazi hiyo.

Kiwiko? Wiki ya tatu kilirudi ndani chenyewe, au karibu na ndani. Sikukigusa tena.

Hatua ya nne: chini ya ringi, mkono mmoja

Asimame mita moja na nusu kutoka ringini. Mkono mmoja tu, ule wa pili nyuma ya mgongo. Mpira ukae kwenye vidole, kiganja kisiguse sana, umalizike kwa kifundo cha mkono kulegea na vidole kuangalia chini. Mpira ukiwa hewani uzunguke kurudi nyuma. Anayeuchora mstari wa kalamu kwenye mpira ataona mara moja kama unazunguka sawa au unayumba.

Na urushwe juu. Hili nalieleza kwa hesabu kwa sababu vijana wanaipuuza. Ringi ina upana wa sentimita 45, mpira kama 24. Mpira ukishuka kwa nyuzi 45, tundu "linaloonekana" na mpira ni kama sentimita 32. Bado kuna nafasi. Ukishuka kwa nyuzi 30, tundu ni sentimita 22.5, dogo kuliko mpira wenyewe. Hauwezi kupita bila kugonga chuma. Yule anayerusha mpira bapa anautupa kwenye tundu alilolipunguza mwenyewe.

Hatua ya tano: rudi nyuma kwa ruhusa ya daftari

Saba kati ya kumi, siku mbili mfululizo, ndipo anarudi nyuma hatua moja. Akianguka chini ya hapo, anasogea mbele bila kubishana. Kwa kijana wangu niliweka mpaka: hakuna kuvuka mstari wa mitupo huru hadi muhula uishe. Alinuna. Wote wanataka pointi tatu, na mstari ule uko mita 6.75 kutoka ringini.

Nilimpa habari ya Stephen Curry wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Akiwa sekondari alikuwa anarushia mpira kutoka usawa wa kiuno kwa kukosa nguvu. Baba yake, Dell Curry, ambaye mwenyewe alikuwa mrushaji hodari wa NBA, akambadilisha kiangazi kimoja ili aachie mpira juu, na kwa wiki nyingi alikuwa hawezi kufunga kutoka mbali hata kidogo. Huyo ndiye aliyekuja kufunga pointi tatu 402 katika msimu mmoja wa 2015/16. Kijana akaacha kununa, kwa siku mbili hivi.

Fanyeni zoezi hili saa kumi na mbili asubuhi, hasa miezi ya kusi. Ikifika saa nne upepo wa baharini unakuchukulia shuti na kukuachia lawama.

Hatua ya sita: wakati shuti inapikwa, bado yuko mechini

Makocha wengi humweka benchi gadi asiyefunga. Mimi sikubaliani kabisa. Gadi ana kazi nyingine, ila lazima umfundishe.

Mlinzi akishajua kuwa hurushi, atakaa mbali na wewe mita mbili au tatu. Watoto wanaona hilo ni tusi, kumbe ni uwanja wa kukimbilia: unaanza mbio ukiwa na nafasi, unamfikia ukiwa na kasi naye akiwa amesimama. Mfundishe kumalizia karibu kwa mikono yote miwili, kulia na kushoto, na atumie ile miraba ya ubao. Mfundishe kusimama kwa miguu miwili ndani ya eneo la ringi, pale pale tulipoanza hatua ya tatu, adanganye kwa kichwa, atazame kona. Atakuta mtu yuko wazi.

Mwenzake akimwekea skrini, yaani akisimama kumzibia mlinzi njia, na mlinzi akapita chini yake, upande wa ringi, asirushe kwa hasira. Arudishe mpira nyuma kidogo, mwekaji ashuke hatua mbili karibu na ringi, skrini iwekwe tena. Mlinzi akipita chini tena, sasa gadi yuko mita tatu kutoka ringini, na mita tatu daftari limeshamruhusu.

Akitoa pasi asisimame kutazama. Akate kwenda ringini. Gadi asiyefunga akisimama, mlinzi wake anakuwa na kazi ya kuwasaidia wengine.

Jason Kidd aliingia NBA mwaka 1994 akiwa mrushaji dhaifu, hata wakamtania kwamba jina lake ni "Ason", kwa sababu J, kifupi cha "jump shot" yaani shuti ya kuruka, hana. Aliishi kwa pasi na rebaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa ringi, shuti akaijenga miaka yote hiyo, na alipostaafu alikuwa amefunga pointi tatu 1,988.

Hatua ya saba: mechini

Mpe amri, maana ruhusa haitoshi. Namwambia: "Kipindi cha kwanza nataka mitupo miwili kutoka sehemu yako. Ukikosa, sitakutoa. Usiporusha, nitakutoa." Basi.

Maswali ya wanachama

*Mzazi, Masasi: Shikamoo kocha. Mwanangu ana miaka 11, anarusha kwa mikono miwili kutoka kifuani. Nimkataze?*

Marahaba mama. Usimkataze, mpe mpira mdogo. Umri huo anatakiwa mpira namba 5, si namba 7 wa wakubwa. Mpira mzito na ringi ya mita 3.05 ndivyo vinavyomlazimisha kusukuma. Mkiweza kumfungia ringi ya chini nyumbani, mfungieni, mikono itatengana yenyewe.

*Mchezaji, Lindi mjini: Kocha, mazoezini nafunga, mechini sifungi. Nina nuksi?*

Huna nuksi mdogo wangu, una mazoezi ya starehe. Unarusha ukiwa umepumua, mtu anakurudishia mpira, hakuna anayekujia usoni. Kimbia uwanja mzima mara mbili, ndipo urushe mitupo huru miwili. Miwili tu, kisha kimbia tena. Na mwombe mwenzako akujie mbio mkono juu kila unapopokea pasi.

*Mwalimu wa michezo, Nachingwea: Nina watoto 30 na mipira miwili. Somo lako ni la matajiri.*

Mwalimu, umenigusa. Ila soma tena hatua ya tatu: haina mpira. Nusu ya darasa ifanye miguu. Wengine uwapeleke ukutani, chora mstari mita 3.05 kutoka chini, watumie hata mpira wa miguu uliochakaa kwa zoezi la mkono mmoja. Mipira miwili ibaki ringini, kila mtoto mitupo mitano na anayefuata.

*Mchezaji wa kike, Mikindani: Kwetu wasichana ni yale yale? Halafu nikirusha sana bega linaniuma.*

Ni yale yale, ila mpira wenu ni namba 6, mdogo kidogo, na ringi haibadiliki. Kuhusu bega: acha kurusha leo, nenda hospitali, usisubiri mashindano. Markelle Fultz alichaguliwa wa kwanza timu za NBA zilipogawana wachezaji wapya mwaka 2017, shuti ikaharibika, watu wakasema ni kichwani. Desemba 2018 madaktari wakakuta mishipa inabanwa eneo la shingo na bega. Maumivu usiyaletee ubishi, dada.

*Mchezaji, Mtwara: Mimi mfupi. Nimeambiwa bila pointi tatu sina maisha kwenye kikapu.*

Mwaka 2009 Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alichaguliwa wa pili NBA kwa urefu wake. Curry, mfupi kwake kwa mbali, akawa wa saba, na mmeona alikofika. Kwa hiyo mfupi ana njia. Lakini pointi tatu ni mwisho wa njia hiyo. Mita 4.6 unafunga ngapi kati ya kumi? Nitumie namba, siyo video.

*Mwanachama, Newala: Kocha, na yule kijana wako wa Chikongola, sasa anafunga?*

Jumamosi alikosa minne mfululizo, yote mifupi. Nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka daftari. Nikamuuliza ametoka wapi. Kumbe tangu alfajiri alikuwa shambani kwa babu yake anaokota korosho, na hajala. Nikamnunulia chapati mbili na chai, nikamwambia akae kivulini atuhesabie mitupo ya wenzake.