Namna ya kufunga vifaa na mizigo kwenye pikipiki ya porini

Watu wengi huniuliza wanunue begi gani kabla hawajajua watabeba nini. Juzi nilimsaidia jamaa mmoja kupakia Honda CRF250L yake kwa safari ya Mlima Suswa, Kenya, na hatua ni hizi, kwa mpangilio tuliofuata.

Hatua ya 1: Mwaga kila kitu sakafuni

Kisha punguza. Jinzi ya pili ibaki nyumbani.

Hatua ya 2: Chagua spana za pikipiki yako

Achana na boksi la spana zilizojaa kila namba. Zunguka pikipiki ukikagua nati na bolti moja baada ya nyingine. Kwa nyingi za Kijapani, namba 8, 10, 12, 14 na 17 humaliza karibu kila kazi, pamoja na ile kubwa ya ekseli ya nyuma, ambayo ndiyo husahaulika. Ongeza livu mbili za tairi, pampu ya mkono, viraka na solusheni, plaisi, waya laini, kiungo cha cheni, plagi na wenzo wa klachi. Spea nyingi utazipata Kirinyaga Road, Nairobi, lakini nenda na ile ya zamani mkononi mlinganishe.

Tyubu ina mambo yake. Pikipiki hizi kwa kawaida huwa na gurudumu la inchi 21 mbele na 18 nyuma. Ukiwa na nafasi ya tyubu moja tu, beba ya 21, kwani kwa dharura inaingia hata nyuma na itakufikisha. Ipake poda, ikunje, uitie ndani ya soksi nzito, na isikae kamwe mfuko mmoja na spana. Mtikisiko wa barabara ya changarawe huzifanya spana ziisugue taratibu, na siku utakayoihitaji utakuta imetoboka ikiwa ingali mpya.

Kabla ya safari, ng'oa gurudumu la nyuma hapo nyumbani kwa vifaa hivyo pekee, ulirudishe. Kitakachokosekana utakijua ukiwa bado karibu na duka.

Hatua ya 3: Uzito ukae chini na mbele

Vyuma vyote viende chini, karibu na injini au usawa wa mapaja yako. Uzito ukirundikwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi. Kwenye lile vumbi laini la Suswa litayumba huku na huku, na mlimani litainuka.

Begi la mgongoni libebe maji na koti la mvua. Spana usiziweke humo hata kama safari ni fupi: ukianguka chali, uti wa mgongo ndio utakaozipokea.

Hatua ya 4: Mabegi

Mimi ni mtu wa mabegi laini ya turubai yanayoning'inia pande mbili. Masanduku ya chuma wanayoyaunda mafundi wa Kamukunji ni imara na yanamfaa anayesambaza mikate mjini, lakini porini utaanguka, na mguu ukibanwa kati ya sanduku na ardhi huvunjika. Upande wa ekzosi mwambie fundi akuchomelee kinga ya chuma, turubai lisiguse bomba. Halafu soma kitabu cha pikipiki ujue fremu ya nyuma inaruhusiwa kilo ngapi. Mara nyingi ni chache kuliko unavyodhani.

Hatua ya 5: Kufunga

Hapa usiharakishe.

Nairobi nzima inafunga mizigo kwa blada, yaani mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, kuanzia kreti za soda hadi makochi. Kwa lami ya mjini sina neno. Porini mzigo unaruka, na kila ukiruka blada inavutika kidogo. Baada ya mwendo wa saa moja mzigo umeshahamia upande mmoja. Kamba za mpira zenye ndoano ni mbaya zaidi, kwa sababu ndoano ikichomoka wakati unavuta huja moja kwa moja usoni. Mimi hutumia mikanda bapa isiyovutika, yenye bizimu la kubana kwa meno. Ile mikanda ya malori yenye mtambo wa kukaza siipendi: inakaza kupita kiasi, ikapasua begi au kupinda keria.

Toa hewa yote ndani ya begi kwanza. Tafuta sehemu nne za kushikilia kwenye fremu au keria. Madigadi na indiketa hazihesabiki. Mkanda wa kwanza uvute mzigo kuelekea mbele, kwa maana mlimani mzigo hurudi nyuma. Mingine ipite juu kwa kukingamana. Lalia mzigo kwa goti huku unakaza.

Sasa zile ncha za mikanda zinazobaki zikining'inia. Zirudishe chini ya mkanda wenyewe, uzifunge fundo, kisha uzungushie tepu. Ncha moja ikinaswa na cheni au gurudumu la nyuma hujisokota mpaka gurudumu likwame, na hapo utarushwa hata kama ulikuwa unaenda polepole. Hili nalikagua kwa vidole, hata pikipiki iwe imefungwa na mtu ninayemwamini.

Keti, mwenzako mzito akae nyuma, mrukeruke. Gurudumu la nyuma la pikipiki hizi hupanda zaidi ya sentimita 20, kwa hiyo begi lililoonekana mbali na tairi pikipiki ikiwa imesimama linaweza kuligusa kwenye shimo. Kata usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, uone kama kuna kebo inayovutwa. Simama juu ya vikanyagio, usogeze makalio nyuma. Mzigo ukikuzuia, usogeze wenyewe. Taa ya breki na namba ya usajili zionekane.

Baada ya kilomita chache mzigo hujipanga na mikanda hulegea. Ukitoka Nairobi kuelekea Magadi, simama Kiserian ukaze upya, kabla ya kuanza kuteremka Kona Baridi.

Hatua ya 6: Petroli ya akiba

Tumia mtungi uliotengenezwa kwa petroli, mbali na ekzosi, na usiujaze hadi mdomoni. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Magadi kama 600, na joto la kule chini hufurisha mtungi. Fungua kifuniko polepole.

Hatua ya 7: Springi na upepo

Kaza springi ya nyuma kulingana na mzigo. Upepo wa tairi usiupunguze kama unavyofanya ukiwa huna mzigo, la sivyo jiwe litaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili kwa mpigo.