Kufundisha kwa simu moja na projekta moja

Mwalimu mwenzangu, kabla hujawasha kifaa chochote, fungua andalio lako la somo utafute mahali ambapo wanafunzi hukwama kila mwaka. Mimi nafundisha fizikia, na pangu napajua vizuri. Tukifika kwenye umeme, wanafunzi huamini kwamba balbu ya kwanza kwenye sakiti, yaani njia ya waya inayopitisha umeme, "inakula" umeme na ya pili inaambulia mabaki. Nimelieleza jambo hilo kwa chaki miaka mingi, nikichora mishale ubaoni, nao wakiitikia "ndiyo mwalimu", halafu kwenye mtihani wanaandika yale yale waliyoingia nayo darasani. Mahali kama hapo ndipo pa kupeleka teknolojia. Penye wepesi, paache palivyo.

Nasema hivi kwa sababu nilianza kinyume. Mwaka wa kwanza nilipopata projekta niliandaa slaidi 40 kwa kipindi kimoja, zenye rangi na maandishi yanayoruka. Wanafunzi walinakili tangu nilipoingia mpaka kengele ilipolia. Hakuna aliyeuliza swali. Wiki iliyofuata niliwapa maswali matano, na wengi hawakufikisha hata mawili. Niliumia, maana kazi ile ilinichukua usiku mzima. Nilichofanya kilikuwa kuuhamisha ubao kwenda ukutani, kisha nikauongezea kasi ambayo hakuna mtoto angeweza kuifuata.

Tangu hapo najiuliza swali moja kabla ya kila somo: hapa kuna nini ambacho chaki haiwezi kukionyesha? Mara nyingi jibu ni kitu kinachosogea, kitu kidogo mno au kikubwa mno kwa macho, kitu kinachopita haraka, au sauti. Nikikosa jibu, natumia ubao. Kukokotoa hesabu hatua kwa hatua, kwa mfano, bado nakufanya kwa chaki, kwa sababu mkono unaoandika unakwenda taratibu, na mtoto anapata nafasi ya kufikiri pamoja nao.

Sakiti yenye balbu mbili

Hebu nikuonyeshe somo zima, maana hapa ndipo kiini kilipo.

Natumia majaribio ya kuigiza ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani. Ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla. Ni bure, na majaribio mengi unaweza kuyapakua yakawa faili linalofunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Mimi nalipakua siku mbili kabla ya kipindi, nazima intaneti, nalifungua na kulichezea mpaka mwisho. Likifunguka katika hali hiyo, ndipo nalihesabu kuwa ninalo.

Siku ya somo, projekta inakuwa imewashwa lakini nimeifunika kwa karatasi. Nachora ubaoni betri moja na balbu mbili zinazofanana, A na B, zimeungwa mfululizo, moja baada ya nyingine kwenye njia ileile. Nauliza: ipi itawaka zaidi? Moja, ni A. Mbili, ni B. Tatu, zitalingana. Kila mmoja anaandika jibu lake kwenye daftari na sababu kwa sentensi moja. Usiiruke hatua hii ya kuandika. Mtoto ambaye hajaandika chochote, akiona jibu sahihi atajiambia "nilijua", na fikra yake ya zamani itabaki palepale.

Kisha wananyoosha vidole vya jibu lao mbele ya kifua, si juu ya kichwa, ili jirani asichungulie. Nahesabu na kuandika idadi ubaoni. Katika darasa langu la mwisho la wanafunzi 52, 31 walichagua A. Nawaambia kila mmoja amtafute mwenzake mwenye jibu tofauti, wabishane kwa dakika mbili, halafu tunapiga kura upya. Njia hii ya kuwafanya wanafunzi wafundishane ilienezwa na Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza kuitumia miaka ya 1990 baada ya kugundua kuwa wanafunzi wake walikuwa wakikokotoa vizuri bila kuelewa. Leo kuna programu nyingi za kupigia kura kwa simu. Mimi vidole vinanitosha, na havihitaji chaji.

Sasa naondoa karatasi na kufunga swichi kwenye skrini. Balbu zote mbili zinawaka sawasawa. Vile vidude vya buluu vinavyowakilisha elektroni, chembe ndogo zinazobeba umeme ndani ya waya, vinazunguka kwa mwendo uleule kabla ya A, kati ya A na B, na baada ya B. Hapo darasa huwa kimya, na mimi pia nanyamaza. Nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Nimejifunza kwamba nikikimbilia kueleza, nawaibia ule muda ambao wanapambana na kile walichoamini.

Halafu namwita mwanafunzi mmoja kwenye kompyuta, kwa sharti moja: anayegusa kipanya hafanyi jambo lolote mpaka darasa limwagize. "Weka ammita kabla ya A", yaani kile kipimo cha mkondo wa umeme. "Sasa isogeze baada ya B." Wanasoma namba ileile. "Ongeza balbu ya tatu." Nasimamisha: nini kitatokea? Andikeni kwanza. Zote tatu zinafifia kwa kiasi kilekile, na hapo ndipo maswali huanza kumiminika, kwa sababu ikiwa hakuna balbu inayokula mkondo, basi balbu inachukua nini? Swali hilo ndilo mlango wa kuingilia kwenye nishati na volti, na siku nzuri linaulizwa na mwanafunzi mwenyewe.

Baada ya skrini lazima waguse. Betri ya kweli, waya, balbu mbili. Ila zijaribu kabla: balbu mbili zenye maandishi yale yale lakini zilizotoka viwanda tofauti zinaweza kuwaka tofauti kidogo zikiungwa mfululizo, na utakuwa umelivunja somo kwa mikono yako. Chukua pacha kutoka pakiti moja.

Waambie pia kwamba vile vidude vya buluu ni mchoro. Ndani ya waya wa kawaida elektroni husogea polepole mno, sehemu ya milimita tu kwa sekunde. Balbu inawaka papo hapo kwa sababu elektroni zimeshajaa waya mzima na zinaanza kusogea karibu kwa pamoja, kama mnyororo wa baiskeli: ukikanyaga pedali, gurudumu la nyuma halisubiri pingili ya mbele ilifikie. Kila picha ya kompyuta ina mahali inapodanganya ili ieleweke, na mwalimu asiposema ni wapi, mtoto anaubeba uongo pamoja na ukweli.

Simu kama chombo cha kupimia

Wengi wetu tunatumia simu kuonyesha video za watu wengine. Nguvu yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kurekodi kile kilichotokea mbele ya wanafunzi wenyewe.

Chukua mpira mdogo wa rangi kali. Simamisha rula ya mita ukutani, sehemu yenye rangi moja na mwanga wa kutosha. Weka simu juu ya kiti au rundo la vitabu, isishikwe kwa mkono, kamera iwe usawa wa katikati ya rula na umbali wa mita mbili au zaidi, kwa sababu ukiikaribisha sana namba za juu na za chini zitasomeka kwa upande na kukupotosha. Mwanafunzi mmoja anauachia mpira kutoka sifuri ya rula, bila kuusukuma, karibu na ukuta. Rekodi.

Hamishia video kwenye kompyuta na uifungue kwa VLC, programu ya bure. Isimamishe, kisha bonyeza herufi E: kila ukibonyeza, video inasogea fremu moja, yaani picha moja kati ya zile nyingi zinazoiunda. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde, kwa hiyo fremu tatu ni sehemu ya kumi ya sekunde. Angalia kwanza kwenye maelezo ya faili kama ndivyo ilivyo kwa simu yako.

Wanafunzi wanasoma rula kila baada ya fremu tatu na kuandika. Watapata namba zilizo karibu na sentimita 5, 20, 44 na 78. Usiwape fomula bado. Waambie watoe: katika kila kipande cha muda mpira umeshuka kiasi gani? Inakuja 5, 15, 24, 34. Sasa wagawanye kila moja kwa ile ya kwanza: moja, tatu, karibu tano, karibu saba. Namba witiri, zimepangana. Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliuona mpangilio huo karne ya 17 kwa kuviringisha mipira kwenye ubao ulioinama, kwa kuwa hakuwa na namna ya kupima kitu kinachoanguka wima kwa kasi hiyo. Wanafunzi wangu wameuona kwa simu iliyowekwa kwenye kiti. Mara ya kwanza tulipofanya zoezi hili, msichana mmoja wa nyuma, asiyependa kuongea, alisimama akasema, "Inayofuata itakuwa tisa." Tukabonyeza E mara tatu ili tuone. Mpira ulikuwa umeshatoka kwenye rula, basi tukarudia kwa rula mbili, mwenye kuuachia akiwa amesimama juu ya meza. Ikawa tisa, na kasoro ndogo.

Namba zenu hazitakaa sawasawa. Picha ya mpira itakuwa na ukungu kwenye fremu za mwisho, na fremu ya kwanza ya kuachia ni vigumu kuitambua. Acha wabishane juu yake. Kujadili kosa la kipimo ni sehemu ya somo la sayansi, na video inayorudiwa mara kumi inawapa kitu cha kubishania kwa ushahidi.

Kwa walimu wa lugha, kanuni ni hiyohiyo. Mwenzangu huwarekodi wanafunzi wakisoma aya moja, kila mmoja anajisikiliza kwa sikio lake, anaandika jambo moja la kurekebisha, anasoma tena. Sauti mbili, ya kwanza na ya pili, zinabaki mpaka mwisho wa muhula, kisha zinafutwa.

Kufuta ni muhimu. Ninaporekodi narekodi mikono na vifaa, si nyuso, na hakuna picha ya mtoto inayotoka kwenye darasa langu kwenda kwenye kundi lolote la mtandaoni bila ruhusa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe.

Mambo madogo yanayoua kipindi

Kaa kwenye dawati la mwisho siku moja kabla, uangalie skrini yako kutoka pale. Usipoweza kusoma maandishi, ongeza ukubwa au punguza maneno. Funika madirisha ya mbele tu, acha ya nyuma wazi, maana darasa likiwa giza kabisa hakuna atakayeandika. Video isizidi dakika mbili au tatu. Mimi mara nyingi naizima sauti na kueleza mwenyewe, na naisimamisha kabla tu ya tokeo ili watabiri. Kama mnahitaji kusoma na intaneti hamna, programu ya Kiwix inaweza kuihifadhi Wikipedia kwenye kompyuta ikasomeka bila mtandao.

Vifaa vikiwa vichache, watie wanafunzi wannewanne na uwape kazi: mmoja anashika kifaa, mmoja anasoma swali, mmoja anaandika, wa nne anatafuta kosa. Baada ya dakika kumi wabadilishane. Usipowabadilisha, yule mwepesi atakishika kifaa mwaka mzima, na wale waliohitaji zaidi watakuwa watazamaji.

Na uwe na somo lilelile kwenye karatasi. Umeme ukikatika, natoa mchoro wa sakiti niliouchora kwenye manila, wenye swali lilelile na majibu yake matatu. Kura na mabishano yanaendelea. Tunachokosa ni ule mwendo tu, nao tutauona kesho.

Dakika kumi za mwisho nazima projekta. Madaftari yanafungwa, kila mmoja anapewa nusu karatasi, na wanachora sakiti ya balbu mbili kwa kumbukumbu, kisha wanaandika chini yake mkondo unafanya nini kabla na baada ya kila balbu. Nazisoma jioni ileile na kuzigawa mafungu mawili. Fungu la waliochora mishale inayopungua baada ya balbu A ndilo linaloniambia kesho nianzie wapi, na wenye karatasi hizo ndio watakaokaa kwanza kwenye kompyuta.