SOMO: Kununua gari kwa murabaha Imarati, na maswali ya wanachama

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kila mwezi yupo mwenzetu wa Dubai, Sharjah au Ajman anayetuma picha ya mkataba wa benki ya Kiislamu na kuuliza, "Nitie sahihi?" Kwa kawaida mkataba huo una kurasa nyingi za Kiarabu na Kiingereza, na afisa wa benki amemwambia kila kitu ni halali, asiwe na wasiwasi. Ndiyo maana nimeandika somo hili. Nitatumia mfano wa gari, kwa sababu ndicho kitu ambacho wengi wetu tunakitafuta kwanza huku, lakini taratibu ni hizo hizo kwa samani au vifaa vya biashara.

Kumbukeni swali moja, hata mkisahau mengine yote: je, benki iliimiliki bidhaa kabla ya kuniuzia? Katika murabaha benki haikukopeshi fedha. Inanunua gari, gari linakuwa mali yake, kisha inakuuzia wewe kwa bei ya juu zaidi unayolipa kidogo kidogo, na inakutajia wazi imelinunua kwa kiasi gani na inaongeza faida kiasi gani. Kama benki haikulimiliki gari hata kwa dakika moja, umeuziwa fedha kwa fedha, na kibao cha nje ya tawi hakibadilishi hilo.

Hatua ya 1: Akaunti na karatasi

Utahitaji kitambulisho cha Imarati, pasipoti yenye viza, na cheti cha mshahara kutoka kwa mwajiri. Benki nyingi zitataka pia taarifa ya akaunti ya miezi kadhaa, na mara nyingi zitataka mshahara wako uhamishiwe kwao. Huhitaji kuwa Mwislamu; wateja wengi wa benki hizi si Waislamu.

Ukifungua akaunti utaulizwa ya aina gani. Akaunti ya hundi kwa kawaida ni kardhi: unaikopesha benki fedha zako, haikupi faida, na inawajibika kukurudishia zote. Ya akiba kwa kawaida ni mudharaba: wewe una mtaji, benki ni mfanyabiashara, na mnagawana faida kwa uwiano mliokubaliana. Mtaji ukipata hasara ya kibiashara bila uzembe wa benki, hasara ni yako. Maafisa wachache husema hilo kwa mdomo, lakini limo kwenye masharti.

Hatua ya 2: Jua kiasi unachoweza kubeba

Kanuni za Benki Kuu ya Imarati za mwaka 2011 ziliweka mipaka. Uwezeshaji wa gari, yaani kiasi ambacho benki inakubebea, usizidi asilimia 80 ya thamani yake, na ulipwe ndani ya miezi 60. Makato yote ya madeni yako kwa pamoja yasizidi nusu ya mshahara na mapato yako ya kudumu. Historia yako ya madeni inasomwa Al Etihad Credit Bureau, ofisi inayotunza kumbukumbu za madeni ya watu, na wewe mwenyewe unaweza kununua ripoti yako. Inunue kabla benki haijaisoma, maana deni dogo la simu ulilolisahau linaweza kukukwamisha.

Nusu ya mshahara ndio ukomo wa sheria. Kwa anayetuma fedha nyumbani Tanga au Lamu, mimi sishauri kuvuka robo.

Hatua ya 3: Bei iandikwe kwa jina la benki

Hapa ndipo mikataba mingi inapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukilipenda gari, mwombe muuzaji karatasi ya bei. Karatasi hiyo iandikwe kwa jina la benki. Usitie sahihi mkataba wa kununua na muuzaji, wala usimlipe malipo ya awali kama bei ya gari. Ukishalinunua wewe, limekuwa lako, na benki haina cha kukuuzia. Viwango vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka vigezo vya fedha za Kiislamu, vinasema mkataba wa namna hiyo uliotangulia lazima uvunjwe kwanza, uvunjwe kweli. Tangu Septemba 2018 benki za Kiislamu za Imarati zinalazimika kufuata viwango hivyo, kwa hiyo unapouliza hutakuwa unamwomba afisa upendeleo.

Benki itakutaka utie sahihi ahadi ya kununua. Ahadi bado si mauzo. Inaweza pia kushika kiasi cha fedha kuonyesha kwamba una nia ya dhati, kwa Kiarabu hamish jiddiyya. Ukighairi, benki inaruhusiwa kukata hasara halisi iliyoipata tu, kwa mfano ikiliuza gari kwa bei pungufu ya ile iliyonunulia. Hairuhusiwi kukata faida iliyotarajia kuipata kwako.

Hatua ya 4: Angalia tarehe

Mpangilio sahihi ni huu: ahadi yako, halafu benki inanunua kwa muuzaji, halafu benki inakuuzia. Karatasi ni tatu na nyakati ni tatu. Ukiletewa zote utie sahihi kwa mkupuo mmoja kabla benki haijanunua, rudisha ile ya mauzo. Sema kwa adabu, "Hii nitaitia sahihi mkishaonyesha kwamba gari ni lenu." Afisa mwenye haraka atakununia. Wewe subiri tu.

Kati ya benki kununua na wewe kuuziwa, gari likiungua au likigongwa kwenye uwanja wa muuzaji, hasara ni ya benki. Ikiwa mkataba unakubebesha hasara hiyo kabla ya mauzo, hapo pana kasoro ya msingi, na ni haki yako kuomba swali lako lifike kwa kamati ya Sharia ya benki hiyo, yaani wanazuoni wanaosimamia uhalali wa mikataba yake.

Hatua ya 5: Piga hesabu mwenyewe

Tuseme gari ni dirhamu 50,000. Unatoa 10,000, benki inabeba 40,000. Afisa anakwambia faida ni "asilimia 3 tu" kwa mwaka, kwa miaka 4. Faida yote ni 4,800, jumla 44,800, na kila mwezi utalipa kama dirhamu 933. Lakini hiyo asilimia 3 imepigwa kwenye 40,000 mwaka wa kwanza hadi wa mwisho, ilhali deni lako linapungua kila mwezi. Ukipiga kwenye deni lililobaki, ni karibu asilimia 5.7. Huo si udanganyifu, ikiwa bei yote imetajwa. Kosa ni kulinganisha 3 hii na 5 ya benki nyingine inayopiga kwenye salio, ukaamini umepata nafuu. Linganisha jumla ya dirhamu utakazotoa, pamoja na ada ya kufungua faili na takafuli (bima ya Kiislamu) ya gari, ndipo uamue.

Hatua ya 6: Hundi ya dhamana

Ukitakiwa hundi ya dhamana, yaani hundi unayoiachia benki kama dhamana ya deni, iandikwe kiasi. Usiache hundi tupu yenye sahihi yako mikononi mwa mtu yeyote. Tangu Januari 2022 hundi iliyorudi kwa kukosa fedha si kosa la jinai kama zamani, isipokuwa penye udanganyifu na mengine yaliyotajwa na sheria, lakini mwenye hundi anaweza kuipeleka moja kwa moja kwa hakimu wa utekelezaji. Kwa hiyo bado ina meno.

MASWALI

Mwanachama wa Mombasa: Kama faida ya benki inafuata riba ya soko, tofauti iko wapi? Si jina tu limebadilishwa?

Kaka, swali lako ni la haki na sitalizunguka. Ni kweli, benki nyingi hupima faida yao kwa EIBOR, yaani kiwango cha riba ambacho mabenki ya Imarati yanakopeshana. Wanazuoni wengi wameruhusu kuitumia kama kipimo cha bei, na wengi wao wanatamani kipatikane kingine. Tofauti iko katika mambo mawili. Benki inabeba hatari ya mali kabla ya kuiuza, na bei ikishafungwa haipandi tena, hata ukichelewa miezi sita. Qur'ani yenyewe, Sura ya 2 aya ya 275, inawataja watu waliosema biashara ni kama riba tu, kisha inajibu kuwa Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara na ameharamisha riba. Lakini benki ikiruka umiliki, hoja yako inasimama, na ndiyo sababu nimekazania tarehe za karatasi.

Mwanachama wa Muscat: Nilitaka fedha taslimu za harusi. Dubai shemeji yangu alipewa na benki ya Kiislamu, mimi hapa nimekataliwa. Kwa nini?

Shemeji yako huenda alipewa tawaruku. Benki inamuuzia mteja bidhaa, mara nyingi madini yaliyoko ghalani mbali, kwa deni. Kisha inayauza kwa niaba yake kwa mtu mwingine kwa fedha taslimu, na mteja anabaki na fedha na deni. Madini hayo hajayaona wala hakuwa na haja nayo. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilipokutana Sharjah mwaka 2009 liliamua kwamba tawaruku inayopangwa na benki namna hiyo haifai. Imarati na Saudia inaendelea kwa wingi. Oman ilichelewa kuingia katika shughuli za benki za Kiislamu: ruhusa ilitoka 2011, kanuni zikatoka Desemba 2012, Bank Nizwa ikafungua milango Januari 2013. Kanuni hizo zinakataza tawaruku kama kanuni ya jumla. Mimi naona Oman wamefanya vizuri, ingawa najua inamuumiza mwenye haja ya haraka. Uliza kama benki yako ina ijara ya huduma, ambapo benki inanunua huduma, kwa mfano ukumbi, masomo au matibabu, na kukuuzia kwa awamu.

Dada wa Sharjah: Nafanya kazi za nyumbani, mshahara unaingia kwenye kadi. Benki zinaniambia mshahara wangu ni mdogo. Mimi nifanye nini?

Dada yangu, swali lako ndilo linalonigusa kuliko yote. Mfumo wa kulinda mishahara ulioanza Imarati mwaka 2009 uliwafanya mamilioni walipwe kwa njia inayoonekana, na Saudia nayo imeanza tangu Julai 2024 kuingiza mishahara ya wafanyakazi wa nyumbani kwenye malipo ya kidijitali. Ni hatua kubwa, kwa maana mwajiri hawezi kusema alikulipa mkononi. Lakini kadi nyingi za mshahara si akaunti kamili: unatoa fedha, unatuma nyumbani, basi. Murabaha huenda usiipate kwa sasa. Ukipata benki inayokubali akaunti ya akiba bila mshahara mkubwa, ifungue kwa jina lako. Mkiaminiana, chezeni upatu na wenzako. Kila mmoja akitoa na kupokea kiasi kilekile hakuna riba ndani yake. Na nakusihi usichukue fedha kwa wale wanaokopesha kwenye makazi ya wafanyakazi na kushika pasipoti. Pasipoti ni yako, hakuna anayeruhusiwa kuishika.

Mwanachama wa Ajman: Nimechelewa mwezi mmoja, nimekatwa dirhamu 100. Si riba hiyo?

Angalia mkataba. Kinachoruhusiwa ni wewe kujilazimisha kutoa sadaka ukichelewa, na fedha hizo ziende kwenye hisani chini ya usimamizi wa kamati ya Sharia. Benki haiziingizi kwenye faida yake. Inaweza kubaki na gharama halisi za kufuatilia tu. Omba maandishi yanayoonyesha zimekwenda wapi. Wasipokujibu, peleka malalamiko Sanadak, kitengo cha kusikiliza malalamiko ya wateja wa benki na bima huku Imarati.

Mwanachama wa Zanzibar: Benki hizi zipo Uarabuni tangu miaka ya 1970, mbona bado tunasikia watu wengi huko hawana akaunti?

Ni kweli, na usiihesabu Ghuba peke yake. Dubai Islamic Bank ilianza 1975, Kuwait Finance House 1977. Lakini utafiti wa Benki ya Dunia wa 2021 ulikuta watu wazima wenye akaunti Iraki ni kama asilimia 19, na Misri kama 27. Dini ni sababu kwa baadhi yao, ila walio wengi hutaja kukosa fedha za kuweka. Wengine hawana karatasi, benki iko mbali, au hawaziamini, na Lebanoni, ambako akiba za watu zilizuiliwa tangu 2019, haijawapa sababu ya kuziamini. Linalonisikitisha ni kwamba mwanzo ulikuwa kwa wanyonge. Mwaka 1963 Ahmad al-Najjar alianzisha benki ya akiba katika mji mdogo wa Mit Ghamr, Misri, kwa ajili ya wakulima na watu wa kipato kidogo: waweke kidogo, wakopeshwe bila riba, washirikiane kwenye biashara. Haikudumu miaka mingi. Kufikia 1967 jaribio lilikuwa limeisha. Benki zilizofuata zilikuwa na mtaji mkubwa wa mafuta, na zikaelekea kwa wenye mishahara mikubwa, kwa wenye majengo na magari. Mudharaba na musharaka (ubia ambao benki na mteja wote wanatoa mtaji), ambazo zingemfaa fundi asiye na dhamana, zimebaki sehemu ndogo ya uwezeshaji. Benki zenyewe zinaweza kulibadilisha hilo, na sisi wateja tuna haki ya kulidai.

Mwanachama wa Abu Dhabi: Narudi Tanga mwezi wa tatu na deni la gari bado lina miezi 14. Nifanyeje?

Usiondoke kimya. Mwajiri akilipa mafao yako ya mwisho, benki inaweza kuyazuia, na deni lililoachwa linaweza kukuletea zuio la kusafiri au kesi. Nenda sasa, omba barua ya kiasi kilichobaki ukilipa kwa mara moja. Katika murabaha bei ni moja, kwa hiyo benki hailazimiki na mkataba kukupunguzia faida ya miezi 14, ila nyingi husamehe sehemu ukiomba. Omba kwa maandishi. Ukiuza gari, mnunuzi alipe deni benki moja kwa moja, nawe upewe kinachozidi. Mwisho chukua barua ya kumaliza deni na hundi yako ya dhamana, mkononi, kabla ya kukata tiketi.