Kuandika kadi ya mgonjwa wa meno, hatua kwa hatua

Wiki hii nilikaa na dada aliyeanza kazi karibuni kliniki kwetu Kisauni, nikamwonyesha tunavyoandika kadi. Nayaweka hapa kwa wengine wanaoanza.

Hatua ya 1. Mpe mgonjwa nambari yake. Mombasa kina Mohamed Ali ni wengi, na yuleyule leo huandikwa Mohamed, kesho Muhammad. Simu nayo mara nyingi ni ya mama, na watoto wote wameandikishwa nayo.

Hatua ya 2. Uliza presha, sukari, ujauzito, dawa anazotumia na aleji, kila anapokuja. Akisema hana, andika "hana". Nafasi tupu haionyeshi kama uliuliza.

Hatua ya 3. Andika jino. Hapa usiende mbio.

Tumia tarakimu mbili. Ya kwanza ni robo ya kinywa: 1 juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili ni jino, ukihesabu kutoka katikati hadi 8. Kulia ni kwa mgonjwa, si kwako uliyemkabili. Kwa hiyo 36, "tatu-sita", ni gego la kwanza la kudumu, chini kushoto.

Mtindo wa zamani wa nambari moja ndani ya pembe, ambapo mistari ya pembe ndiyo huonyesha robo, siutaki kabisa. Kadi moja ilinimalizia alasiri nzima: imeandikwa 6, mistari ya pembe imefutika kwa unyevu wa pwani. Mgonjwa anaumwa upande wa kushoto, hajui ni juu au chini, na magego yote mawili yenye nambari 6 upande huo yamezibwa. Nilipekua risiti na picha za eksirei mpaka jioni ndipo nikajua ni lipi tulilotibu sisi.

Kwa meno ya maziwa robo ni 5 hadi 8, kwa mpangilio uleule. Angalia sana hapa: gego la kwanza la kudumu huota kwenye miaka 6 hivi, nyuma ya magego ya maziwa, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani nalo ni la maziwa. 75 na 36 yamepakana, na ukikosea umemng'oa mtoto jino lisilorudi. Kabla ya koleo, taja nambari kwa sauti, msaidizi airudie akiitazama kadi.

Akija mtu na barua kutoka Marekani, wao huhesabu 1 hadi 32. 16 yao ni gego la mwisho juu kushoto. 16 yetu ni gego la kwanza juu kulia. Andika na maneno kando.

Hatua ya 4. Ganzi: jina la dawa, asilimia ya nguvu yake, mililita. "Sindano moja" haitoshi, maana kuna katriji (vichupa vya ganzi) za mililita 1.8 na za 2.2.

Hatua ya 5. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, tia sahihi na tarehe. Wino mweupe wa kufutia usiwepo kabisa chumbani. Tumia biro, wino wa jeli huweza kutawanyika kadi ikipata maji. Na yote haya yaandikwe kabla mgonjwa hajainuka kitini.